Mandera ilipungukiwa na watu 158,000 kwa miaka kumi. Walienda wapi?

#1 | Mwana wa Takaungu

Wadau, hamjambo. Kuna hesabu inaninyima usingizi.

Sensa ya Kenya ya 1999: Mandera, kaunti ya Wasomali kaskazini mashariki, watu 250,372. Sensa ya 2009: watu 1,025,756. Sensa ya 2019: watu 867,457. Yaani kaunti ileile ilipanda mara nne, kisha ikapungukiwa na watu 158,000 na ushei. Agosti 2010, siku chache tu baada ya katiba mpya kuzinduliwa, waziri wa mipango wa wakati huo, Wycliffe Oparanya, alifuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini: Lagdera, Wajir Mashariki, tatu za Mandera na tatu za Turkana. Ikaja 2019, malalamiko yakawa kinyume, kwamba sasa watu wamepunguzwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikafuta matokeo ya 2019 kwa Mandera, Wajir na Garissa na kuagiza watu wahesabiwe upya.

Nauliza kwa nia njema: walienda wapi? Na kama hawakuwahi kuwepo, nani aliwaandika?

Msimamo wangu nautoa mapema. Tangu 2010 idadi ya watu ndiyo inayobeba pesa za kaunti na mipaka ya maeneobunge. Jamii ikikua inadai kiti, ikipungua inaona imeibiwa. Sensa imegeuka uchaguzi wa kwanza, na ule wa Agosti unakuja kumalizia tu. Anayebisha alete sababu.

#2 | Mtaa wa Saba

Walihamia Eastleigh, Nairobi. Niko nao hapa, njoo uwahesabu.

#3 | Binti Wajir

Mwana wa Takaungu, asante kwa kuweka tarakimu mezani badala ya porojo.

Mimi 2019 nilikuwa karani wa sensa, Wajir Kusini. Ilikuwa mara ya kwanza Kenya kuhesabu kwa vishikwambi. Eneo nililopewa kwenye ramani lilikuwa kubwa kuliko baadhi ya tarafa za huko kwenu Pwani, na usafiri ni wa kubembeleza. Agosti huku ni kiangazi. Boma ulilooneshwa na chifu wiki iliyopita unafika umekuta majivu na mavi ya ngamia, watu wamefuata malisho. Ukiuliza wameelekea wapi unaambiwa "upande ule", na upande ule ni mpaka wa kaunti nyingine, au wa nchi nyingine.

Ongeza usalama. Kuna njia ambazo Al-Shabaab walikuwa wametega mabomu, na dereva akikataa kupita huwezi kumlaumu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nani aliwaandika" mwaka 2009, uliza pia nani hakuwafikia 2019.

Na jambo moja ambalo watu hawalitaji: utafiti wa afya na uzazi wa 2022 uliofanywa na serikali hiyohiyo ulikuta mwanamke wa Mandera anazaa wastani wa watoto 7.7, wakati wastani wa Kenya nzima ni 3.4. Mahali penye uzazi huo panapungukiwaje na watu bila vita kubwa wala njaa ya kufagia?

#4 | Ticha wa Hesabu

Binti Wajir, pole na kazi, najua si nyepesi. Lakini tufuate hesabu mpaka mwisho.

Kutoka 250,372 hadi 1,025,756 kwa miaka kumi ni ongezeko la karibu asilimia 15 kila mwaka. Hakuna uzazi unaofika hapo. Hata pale watoto ni wengi na vifo ni vichache, ongezeko la kuzaana peke yake ni nadra kupita asilimia 4. Serikali ilipofuta yale matokeo ilitoa sababu hiyohiyo: umri na jinsia za waliohesabiwa hazikulingana na kumbukumbu za vizazi na vifo.

Chukua 1999, weka asilimia 4 kwa mwaka, unapata kama watu 370,000 mwaka 2009, na 2019 unapata kama 550,000. Sasa linganisha na 867,457 iliyotangazwa. Kwa njia hiyo, hata hiyo 2019 inayolalamikiwa imewapa Mandera wengi, haikuwanyima.

Motisha ilikuwepo hata kabla ya ugatuzi. Fedha za CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneobunge, zilianza 2003, na kila mtu aliona eneobunge ni mfereji wa pesa.

#5 | Samaki Mkunga

Ticha umemaliza kazi. Tena wakimbizi wa Dadaab waliandikishwa kama Wakenya, ndiyo Mandera ikafura.

#6 | Mtaa wa Saba

@Samaki Mkunga, Dadaab iko Garissa, bwana, si Mandera. Na Garissa mwaka 2009 ilikuwa na watu 623,060, chini ya Mandera kwa mbali. Kama Dadaab ndiyo iliyofurisha takwimu, ingefurisha kwake kwanza. Zaidi ya hapo, Garissa 2019 ilipanda hadi 841,353. Wajir ilitoka 661,941 ikafika 781,263. Iliyoshuka ni Mandera peke yake.

Na Turkana mnaisahau makusudi? 450,860 mwaka 1999, halafu 855,399 mwaka 2009. Turkana hakuna Msomali wa kusingiziwa. Wilaya zake tatu zilifutwa pamoja na zetu, lakini kwenye mazungumzo ya vijiweni lawama ni ya kabila moja.

#7 | Binti Wajir

Asante Mtaa wa Saba.

Ticha, hesabu yako yote imesimama juu ya 1999. Na kama 1999 ndiyo mbovu? Hebu jiweke mahali pa baba yangu. Sheria za hali ya hatari zilikaa kaskazini mashariki tangu miaka ya sitini hadi mwanzoni mwa tisini. Februari 1984 yakatokea mauaji ya Wagalla, hapa Wajir, wanaume walikusanywa uwanja wa ndege. 1989 serikali ikawapiga msasa, yaani kukagua uraia, Wakenya Wasomali peke yao, ukipita unapewa kadi ya waridi juu ya kitambulisho chako. Miaka kumi baadaye anakuja mtu wa serikali na daftari anauliza mko wangapi, wanaume wangapi, majina gani. Unadhani mzee atatoa watoto wote waje kuhesabiwa?

Kisha 2009 watu wakaelewa kwamba kuhesabiwa ni shule na kisima. Wakajitokeza. Sikatai kwamba wapo waliojitokeza mara mbili. Nakataa kwamba wote walikuwa hewa.

#8 | Ticha wa Hesabu

Hiyo ya hofu ya 1999 ina uzito, na naikubali kama sehemu ya maelezo. Haifiki mara nne.

Tazameni kitu kingine. Jedwali la makabila: Wasomali wa Kenya 2009 walikuwa 2,385,572, na 2019 wakawa 2,780,502. Ongezeko la asilimia 16.6. Nchi nzima iliongezeka asilimia 23. Wakalenjin kutoka 4,967,328 hadi 6,358,113, asilimia 28. Wakikuyu kutoka 6,622,576 hadi 8,148,668, asilimia 23 kamili, na fungu lao la nchi limebaki asilimia 17 vilevile. Kwa hiyo jibu la Mtaa wa Saba kwamba walihamia Eastleigh halitoshi. Angehamia Eastleigh angebaki Msomali kwenye jedwali la taifa, na jedwali la taifa linaonesha jamii yenye uzazi mkubwa kuliko zote ikikua polepole kuliko nchi. Ama 2009 ilizidi, ama 2019 ilipungua, ama vyote viwili.

#9 | Chalinze Nyumbani

Wakuu habari zenu. Mimi Mtanzania nawasoma nashangaa. Hili jedwali la makabila mnalitakia nini? Sisi mara ya mwisho kuuliza kabila kwenye sensa ilikuwa 1967. Baada ya hapo unaulizwa umri, elimu, choo, paa la nyumba, mifugo. Kabila hakuna, dini hakuna. Sensa ya 2022 tulihesabiwa 61,741,120 na hakuna jirani aliyemwambia mwenzake "sisi ni wengi kuliko nyie".

#10 | Mtaa wa Saba

Nyie mna Simba na Yanga, makabila mawili yanawatosha.

#11 | Mzenji wa Michenzani

@Chalinze Nyumbani, usisahau 2012. Kulikuwa na Waislamu waliotaka kipengele cha dini kirudi na wengine wakagomea sensa kabisa, kwa sababu kila upande una takwimu yake ya mtaani kuhusu nani ni wengi. Kutouliza hakukumaliza ubishi, uliendelea bila karatasi.

Na uwakilishi wetu nao una mambo. Uchaguzi wa 2025 majimbo yamekuwa 272: Bara 222, Zanzibar 50. Zanzibar tuko 1,889,773. Gawa mwenyewe: jimbo la Zanzibar wastani watu 38,000 hivi, jimbo la Bara karibu 270,000. Na mimi nautetea mgawanyo huo bila kuona haya. Muungano wa 1964 ulikuwa wa nchi mbili. Ukigawa viti kwa vichwa tu, Zanzibar inapata viti vinane hivi na mambo yake yanaamuliwa na watu wasioijua hata bandari yetu ya Malindi, Unguja.

#12 | Chalinze Nyumbani

Mzenji hapo umegusa mshipa, lakini tusiwaharibie Wakenya uzi wao. Niseme hili tu: kwetu kinachobadili majimbo ni mji kufura. Kivule imetoka Ukonga, Chamazi imetoka Mbagala, Mtumba imetoka Dodoma Mjini, Uyole imetoka Mbeya Mjini. Anayehamia Chamazi ni Mmakonde, Mzaramo, Msukuma, Mha, na mbunge wao anaulizwa maji na barabara.

#13 | Ole wa Endulen

Chalinze, mimi pia ni Mtanzania, natoka Ngorongoro. Hilo la "hatuulizi kabila" linawafaa walio wengi. Wamaasai, Wahadzabe, Wadatoga tunapotaka kusema kwamba watoto wetu wako nyuma shuleni kuliko wengine, tunaambiwa leteni takwimu. Takwimu za kabila hazipo kwa sababu haziulizwi. Mipango ya kutuhamisha inafanywa kwa jina la wilaya na hifadhi, na maumivu yake yanaangukia jamii moja ambayo kwenye karatasi haionekani. Simuonei wivu Mkenya kwa ugomvi wake, ila angalau ana karatasi ya kugombea.

#14 | Mwana wa Takaungu

Ole, hiyo sikuwahi kuiwaza upande huo. Asante.

Niwarudishe Pwani kidogo. Mwaka 2020 nani anakumbuka Seneti ilivyokwama kwa ajili ya mgao wa pesa za kaunti? Wengine walisema mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Kaskazini na Pwani wakasema ardhi na umaskini vihesabiwe. Agosti maseneta watatu, Malala, Lelegwe na Langat, walikamatwa. Mwafaka ulipatikana Septemba 17, na dawa ilikuwa kuongeza chungu: bilioni 53.5 zaidi kuanzia mwaka uliofuata ili asiwepo wa kupoteza. Fomyula ya kwanza ilikuwa imeipa idadi ya watu asilimia 45. Ile ya 2020 iliiteremsha hadi 18, halafu ikaleta afya 17, kilimo 10, barabara 8 na mengineyo. Lakini afya na kilimo navyo vilifuata palipo na watu, kwa hiyo Mandera akipunguziwa vichwa alikuwa anaumia palepale.

#15 | Nyeri Yetu

Na kuna ubaya gani pesa kufuata watu? Kiambu ina watu 2,417,735. Lamu ina 143,920. Seneta ni mmoja mmoja. Mtoto wa Kiambu akiugua hatibiwi kwa kilomita za mraba.

#16 | Mbajuni wa Kiunga

@Nyeri Yetu, twende taratibu. Lamu Mashariki yetu ina watu elfu ishirini na mbili hivi. Ni kweli, ni eneobunge dogo kuliko yote. Kwa sensa ya 2019 wastani wa eneobunge ni watu 164,000, na hata ukiruhusu pungufu ya asilimia 40 kama katiba inavyosema kwa maeneo yenye watu wachache, chini ya 98,000 huna kiti. Sisi tumo kwenye yale maeneobunge 27 yaliyolindwa yasifutwe mipaka ilipochorwa mwaka 2012. Safari ijayo ulinzi huo haupo.

Lakini kwa nini tuko wachache? Ulizeni Ishakani, Mkokoni, Kiunga yenyewe. Vita vya Shifta miaka ya sitini vilitukimbiza kutoka kwenye mashamba yetu ya bara, watu wakatawanyika Lamu, Malindi, Mombasa, wengi hawakurudi. Baba zetu walifukuzwa na bunduki, na leo wajukuu tunaambiwa hatutoshi kuwa na mbunge. Kisha upande wa pili wa kaunti serikali ikaleta watu kwa malori na kuwapa mashamba.

#17 | Kijana wa Mpeketoni

Hao wa malori ni wazazi wangu, kaka, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa adabu.

Babangu alikuja miaka ya sabini kwa mpango wa makazi wa Lake Kenyatta. Hakuwa na ardhi kokote Kenya. Alifyeka msitu, akachimba kisima, akazika watoto wawili kwa malaria. Mimi nimezaliwa hapa, Kiswahili changu ni hichihichi. Juni 2014 mji uliposhambuliwa nilikuwa nyumbani, nawafahamu waliouawa. Kila ninaposikia neno "walioletwa" nakumbuka usiku ule.

Ni kweli sasa Lamu Magharibi tuko wengi, na 2013 tulimchagua Julius Ndegwa kuwa mbunge. Tulifanya kosa gani? Tulipiga kura. Ugavana umekwenda kwa Timamy, kwa Twaha, tena kwa Timamy, na sisi tumewapigia pia.

#18 | Mbajuni wa Kiunga

Pole kwa ya 2014, hilo lilikuwa dhuluma na sitalitetea. Sina ugomvi na babako. Ugomvi wangu ni na aliyepanga. Aliyepewa shamba alipewa na hati, wenyeji wa hapa wengi hata leo wanaitwa maskwota kwenye ardhi ya mababu. Serikali ilipoamua nani apewe hati iliamua pia, miaka arobaini mbele, nani atakuwa na kura za kutosha.

#19 | Kijana wa Mpeketoni

Hati nyingi zilichelewa hata kwetu. Lakini hoja yako ya mpangaji nimeielewa.

#20 | Kibra ni Kwetu

Mnaongelea waliohesabiwa wakaonekana wachache. Sisi Wanubi tulihesabiwa kama "wengineo" kwa miongo. Mababu waliletwa na jeshi la Mwingereza, wakawekwa Kibra, mji ukakua juu yetu mpaka tukawa tone ndani ya mtaa tulioanzisha. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya inawabagua watoto wa Kinubi kwenye uraia. Hati ya ekari 288 tulipata 2017. Eneobunge linaitwa Kibra, jina letu wenyewe, lakini kwa kura zetu peke yetu hatuwezi kupeleka mtu bungeni.

Mimi nilipofika miaka 18 niliitwa kamati ya kupiga msasa. Wazee watatu wakaniuliza jina la babu wa babu yangu. Mwenzangu wa darasa, jina lake la Nyanza, alipata kitambulisho bila swali. Kwa hiyo kwangu kuwa na alama kwenye fomu ya sensa si ukabila, ni mlango wa ofisi.

#21 | Mtoto wa Ramisi

Hapo Kibra umenikumbusha yetu. Mimi Mmakonde wa Kwale. Babu alikuja kutoka Msumbiji kukata miwa na mkonge. Wazazi wangu walizaliwa Kenya na wakazeeka bila kitambulisho: hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna akaunti, mvuvi huwezi kupata leseni. Oktoba 2016 watu wetu walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumuona Rais Uhuru Kenyatta. 2017 tukapata vitambulisho, kabila la 44.

#22 | Samaki Mkunga

La 43, ndugu. La 44 ni Wahindi, walitangazwa Julai mwaka huohuo 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi.

#23 | Mtoto wa Ramisi

Sawa, 43. Na hiyo ya wiki chache kabla ya uchaguzi ndiyo hoja yenyewe, kila mtu aliiona. Lakini nikwambie, hata kama walitupa kwa ajili ya kura, kitambulisho ni kitambulisho. Mama yangu aliingia benki kwa mara ya kwanza akiwa na mvi. Wapemba wa Kilifi nao walitambuliwa 2023, Washona 2020. Wote ni wachache sana, hawabadilishi matokeo ya urais. Kwa hiyo si kila kitu ni hesabu ya kura kama mwanzisha uzi anavyodai.

#24 | Mzenji wa Michenzani

Hao Wapemba wa Kilifi wamo ndugu zangu kabisa. Wamevua huko tangu kabla ya mapinduzi. Nashukuru kusikia.

#25 | Rohero

Nawasalimu kutoka Bujumbura. Kwetu hatukuacha jambo hili kwa sensa. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, kisha katiba ya 2005, viliandika: Bunge Wahutu asilimia 60, Watutsi 40, Seneti nusu kwa nusu, jeshi pia nusu kwa nusu, na viti vitatu vya Watwa. Hazifuati idadi halisi, na hazikukusudiwa kuifuata. Zilikusudiwa anayeogopa kumalizwa apate mahali pa kukaa.

Matokeo yake nimeyaona kwa pande zote. Kwa miaka kadhaa ubishi mkubwa wa siasa ulihama kutoka kabila kwenda ndani ya chama. Lakini kijana anayezaliwa leo na baba Mhutu na mama Mtutsi lazima achague kisanduku akitaka kazi ya jeshi. Katiba ya 2018 imeiachia Seneti kutathmini kama mgawanyo huu uendelee. Rwanda nao wakafuta kabisa kabila kwenye vitambulisho. Majirani wawili, watu walewale, dawa mbili tofauti, na nikiwaambia ipi imepona nitakuwa natabiri.

#26 | Mpwani Minneapolis

Rohero, asante sana kwa hiyo.

Huku Marekani kisanduku kipo tangu zamani, na kimebadilika mara nyingi kuliko mnavyofikiri. Sensa ya 2020 ukichagua Mweusi unaandika pia asili yako, Msomali, Mkenya, Mhaiti. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 ndiyo iliyofanya takwimu hizo ziwe silaha ya mnyonge. Mfano Alabama: Weusi ni zaidi ya robo ya watu, viti saba, na ramani ilichorwa wapate kimoja. Juni 2023 Mahakama ya Juu ikasema ramani ile inakiuka sheria, na 2024 kiti cha pili kikaenda kwa Shomari Figures. Bila jedwali la rangi kesi ile isingesimama hata siku moja.

Ila hapa Minneapolis Ilhan Omar alichaguliwa 2018 kwenye jimbo ambalo Wasomali ni wachache. Kwa hiyo wingi wa kabila si njia pekee ya kufika bungeni, muungano nao unafika.

#27 | Jangwa la Chalbi

Muungano mnaongea? Njooni Marsabit. 2013 Warendille, Wagabra na Waburji waliungana kwa jina la REGABU, Ukur Yatani akawa gavana, Waborana wakabaki nje ingawa ni wengi. 2017 mambo yakageuka, Mohamud Ali akashinda, akarudi 2022. Mandera 2013 baraza la wazee wa Garre liligawa viti kabla kura haijapigwa, Degodia wakasema wametengwa, mwaka uliofuata damu ikamwagika. Ndani ya "Wasomali" wa jedwali la Ticha kuna koo ambazo hazikai meza moja. Jedwali la taifa haliwaoni.

Ndiyo maana mimi sababu ya 2009 naiona tofauti na wote humu. Si Mandera dhidi ya Nairobi. Ni ukoo dhidi ya ukoo, kila mmoja anafurisha kata yake ili mwakilishi wa kata atoke kwake, na jumla yake ndiyo hiyo milioni.

#28 | Binti Wajir

Jangwa, hiyo ina ukweli mchungu. Nimeona chifu akigombea boma moja na chifu mwenzake, kila mmoja anasema ni lake.

#29 | Msimamizi

Nimeondoa machapisho mawili yenye matusi kwa jamii. Hoja zijibiwe kwa hoja, tafadhali.

#30 | Wakili wa Kijiji

Nimechelewa kuingia ila mmeacha kesi moja muhimu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua shauri la Wailchamus wa Baringo ya Kati. Walilalamika kwamba tangu uhuru hawajawahi kuwa na mbunge wao kwa sababu kila uchaguzi Watugen wanawazidi. Mahakama ikakubali kwamba kabila dogo lina haki ya uwakilishi kama kundi maalumu, na kwamba mipaka lazima iangalie masilahi ya jamii pamoja na vichwa. Katiba ya 2010 ikabeba wazo hilo, ibara ya 100 inaagiza Bunge litunge sheria ya kuinua uwakilishi wa waliotengwa, na ibara ya 89 inataja jamii, historia na utamaduni pamoja na idadi. Tukishikilia idadi peke yake tunasoma nusu ya ukurasa.

Ndani ya kaunti pia: sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasio wa kabila kubwa la pale. Nani humu anaishi kwenye kaunti inayotimiza?

#31 | Mtaa wa Saba

Kimya kirefu kitakujibu, wakili.

#32 | Nyeri Yetu

Wakili, mimi bado nasema shilingi ifuate mtu. Ila historia na utamaduni nazikubali kwenye mipaka. Huwezi kufuta Lamu Mashariki.

#33 | Mbajuni wa Kiunga

Sema yote, Nyeri Yetu. Kwenye yale 27 yaliyolindwa 2012 yamo Othaya, Tetu na Mukurweini za kwenu, na Kangema na Mathioya za Murang'a. Wengi wenu mmehamia Nairobi, Kiambu, Nakuru, na huku mipaka ikichorwa upya kwa vichwa tupu mtapoteza viti pamoja nasi. Pendekezo la BBI, ule mpango wa kubadili katiba, la viti 70 vipya lilitaka kuwapa Nairobi 12, Kiambu 6, Nakuru 5. Lilianguka Mahakama ya Juu Machi 2022. Sisi na ninyi tuko mashua moja na hamtaki kuliona kwa sababu kwenye mgao wa pesa mko upande wa pili.

#34 | Nyeri Yetu

Othaya nimezaliwa. Shule yetu ya msingi ilikuwa na mikondo mitatu, sasa mmoja haujai. Sibishi hilo.

#35 | Ticha wa Hesabu

Mapitio ya mipaka yalitakiwa yakamilike Machi 2024, na IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, haikuwa na makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Ukijumlisha na hukumu ya Garissa, tume haiwezi kuchora mipaka kwa takwimu ambazo mahakama imezifuta katika kaunti tatu, na ikisubiri mpya, Nairobi yenye watu 4,397,073 inaendelea na viti 17, wastani wa karibu watu 259,000 kwa kiti. Wa Mathare anayekosa mbunge wa kumfikia naye ana haki, jamani. Uzi mzima tumemsahau.

#36 | Mtaa wa Saba

Hapo sasa Ticha tuko pamoja. Kamukunji yetu mbunge anatafutwa kwa tochi.

#37 | Mwana wa Takaungu

Nawashukuru wote. Bado naamini 2009 ilifurishwa, ila Jangwa na Binti Wajir wamenipa sababu mbili ambazo haziko kwenye ripoti yoyote niliyosoma. Mwenye jedwali la 2012 la IEBC linaloonesha idadi ya watu kata kwa kata za Mandera naomba aliweke hapa. Nataka kulinganisha na 2019, tuone kata zipi zilishuka na kama ni za ukoo mmoja au zimetawanyika.

#38 | Wakili wa Kijiji

Ninalo kwenye karatasi, si kwenye simu. Nipe mpaka Jumatatu nilipige picha.

#39 | Binti Wajir

Ukilipiga, anza na kurasa za Mandera Kaskazini na Lafey. Huko ndiko makarani wenzangu walisema barabara zilifungwa 2019.